Kwa nini karakanani tunavaa miwani ya kinga, lakini uani kwetu tunaiacha kabatini?

#1 KivuliChaUa (mleta uzi)

Habari za jioni, wakuu.

Ninaomba mawazo yenu juu ya jambo lililonipata wiki mbili zilizopita, ambalo mpaka leo sijalipatia maelezo ya kuniridhisha. Nimefanya kazi katika karakana ya vyuma kwa miaka kumi na moja, na katika muda huo wote sijawahi kuwasha grainda bila miwani ya kinga. Mkono huitafuta wenyewe kabla sijafikiri. Jumamosi ile nilikuwa nyumbani nikipogoa ua wa miti kwa mkasi mkubwa, kazi niliyoikadiria nusu saa. Nilivuta tawi lililonasa katikati ya mengine, likafyatuka, na ncha yake ikanichapa jicho la kushoto. Kwa siku tatu sikuweza kuvumilia hata mwanga wa dirishani. Daktari alinitia rangi jichoni, akanimulika kwa taa ya buluu, kisha akanichorea kwenye karatasi mchubuko uliopita katikati ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Jicho limepona, namshukuru Mungu.

Miwani yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka pale niliposimama. Ni kitu gani hasa kinachotufanya tuiache? Naomba msinijibu kwamba ni uzembe, kwa sababu mzembe asingeivaa karakanani pia.

#2 MpandaNgazi

Pole sana, mkuu. Kwangu mimi jibu ni ukungu. Karakanani mara nyingi umesimama wima, kivulini, na kazi inakwenda kwa vipindi vifupi. Uani umeinama, jasho linatiririka, uso umepata moto, na mvuke wote huo unanaswa nyuma ya kioo. Baada ya dakika tano huoni unapokata. Mtu aliyeshika panga huku haoni ni hatari zaidi kuliko mtu asiyevaa miwani, kwa hiyo anayeivua anafanya uamuzi wa busara, ingawa baadaye unaweza kumgharimu.

#3 Nyuzi_Saba

Mkuu MpandaNgazi, maelezo yako yanamfaa mtu aliyevaa akavua. Mleta uzi hakuivaa kabisa. Ukungu ambao haujatokea haukuweza kumzuia. Nionavyo mimi, tatizo liko katika neno "nyumbani". Kazini kuna kengele, kuna mabango, kuna msimamizi, na kuna harufu ya chuma inayokuambia kwamba umeingia mahali pa hatari. Nyumbani kuna kiti chako na viatu vyako vya kukanyagia umande, na mwili unalegea. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, kimekuwa kikieleza kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya majeraha ya macho hutokea nyumbani, na sidhani kama wengi wetu tungekisia hivyo tungeulizwa ghafla.

#4 MamaMche

Poleni na majukumu. Nina kisa ambacho hakimo katika maelezo ya hao wawili. Mume wangu huvaa miwani kila anapokata nyasi kwa mashine ile ya kamba ya nailoni inayozunguka, na katika hilo sina lawama naye. Siku moja alikuwa akikata kando ya njia, nami nikianika nguo kwa mbali kidogo. Kokoto ilipita karibu na sikio langu na kutoboa kioo cha dirisha la nyuma yangu, tundu safi kama lililotobolewa kwa msumari. Yeye alikuwa amejikinga, mimi sikuwa na chochote, na mtoto wetu alikuwa ametoka kusimama pale pale dakika moja kabla. Tunapouliza kwa nini watu hawavai, tuwaulizie pia wale ambao hawana kazi yoyote mkononi ila wamesimama karibu.

#5 Kipimo

MamaMche, kisa chako kinaingia akilini kabisa ukikipigia hesabu. Tuchukue mashine inayozunguka mara 7,000 kwa dakika, na kamba inayochora duara la upana wa sentimita 40. Mzingo wa duara hilo ni karibu mita 1.26, na kwa kila sekunde kamba inauzunguka mara 116 na zaidi, kwa hiyo ncha yake inakwenda kasi ya karibu mita 146 kwa sekunde. Kokoto inaruka kwa kasi hiyo. Kope zetu zinahitaji takribani sehemu ya kumi ya sekunde ili zifumbe, na ndani ya muda huo kokoto imekwisha kusafiri mita 14. Anayesema kwamba atafumba macho kwa wakati hajawahi kuandika hesabu hii.

#6 Bisibisi_Mzee

Mkuu Kipimo, hesabu ya kamba umeipiga sawasawa, lakini sentensi inayofuata si sahihi. Hiyo 146 ni kasi ya ncha ya kamba. Kamba ni nyepesi sana, na kokoto inapoguswa huondoka na sehemu tu ya kasi hiyo, tena sehemu inayobadilika kulingana na uzito wake na namna ilivyoguswa. Hata hivyo hitimisho lako halianguki. Tuseme imeondoka kwa mita 40 tu kwa sekunde: kutoka ardhini hadi usoni ni mita moja na nusu hivi, nayo huimaliza katika chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Kope bado zimechelewa.

Kuhusu wanaosimama karibu, vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi za aina hiyo vinataka watu wengine wakae umbali wa mita 15 angalau. Ni ukurasa ambao wengi huufungua baada ya kioo kuvunjika.

#7 Kipimo

Nimekubali sahihisho, na ninakushukuru. Nilipaswa kuandika kwamba kamba inakwenda kasi hiyo, na kokoto ikaenda kasi isiyojulikana iliyo chini yake.

#8 TawiKavu

Mkuu Kipimo, ukiendelea na hesabu hizi hata nyasi zitaacha kuota uani kwako. Lakini ninarudi kwa mleta uzi. Yeye hakuwa na mashine. Alikuwa na mkasi wa mkono na tawi, na ndiyo maana ninadhani mnazunguka nje ya swali lake. Akili zetu zimefundishwa kuogopa kelele. Grainda ikilia, tunajikinga. Msumeno wa mnyororo ukilia, tunajikinga. Tawi halina sauti. Nimekuwa nikitunza bustani za watu kwa muda mrefu, na majeraha ya macho niliyoyaona kwa wenzangu yalitokana na vitu vilivyonyamaza: mwiba wa mwaridi, ncha ya jani gumu lililochongoka, waya wa uzio uliofyatuka, na kijiti kilichochomekwa kushikilia mche. Hicho kijiti ndicho nikichukiacho kuliko vyote. Mtu anainama kung'oa gugu, anatazama gugu, na ncha ya kijiti iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye jicho lake haionekani kwa sababu kijiti kinamwelekea kwa ncha tu, na ubavu wake haumo machoni pake. Siku hizi kila kijiti ninachochomeka ninakivika kofia: kifuniko cha chupa, tufe la udongo, chochote kile.

#9 NesiWaZamu

Habari zenu. Nimefanya kazi katika kliniki ya macho, na bandiko la TawiKavu limenigusa kwa sababu ambayo hakuitaja.

Konea katikati yake ina unene wa karibu nusu milimita. Haina mishipa ya damu, lakini imejaa neva, ndiyo maana mchubuko mdogo unaweza kumlaza mtu mzima. Mchubuko safi na mdogo kwa kawaida huziba ndani ya siku moja hadi tatu. Mchubuko uliosababishwa na tawi, jani au bua ni habari nyingine, kwa kuwa mmea unaweza kuacha ukungu ndani ya kidonda. Hapa sisemi ule ukungu wa kioo alioutaja MpandaNgazi. Ninasema viumbe wa jamii ya kuvu, hasa Fusarium na Aspergillus. Hawa hawana haraka. Mgonjwa anapata nafuu, anarudi kazini, kisha baada ya siku kadhaa au hata wiki jicho linaanza kuwa jekundu tena, linauma, na doa la kijivu linatokea kwenye konea. Matibabu yake ni marefu, na yakichelewa kovu hubaki mbele ya mboni.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kutumia matone yaliyobaki nyumbani, ambayo aliandikiwa mwingine kwa tatizo jingine. Ikiwa matone hayo yana steroidi, yaani dawa ya kushusha uvimbe, wekundu hupungua, mgonjwa anafurahi, na kuvu wanaendelea kustawi bila kizuizi. Tafadhali msifanye hivyo. KivuliChaUa, ikiwa wekundu ulirudi baada ya kupona, mwambie daktari wako wazi kwamba uliumizwa na tawi.

#10 KivuliChaUa

Ninashukuru sana, dada. Wekundu haukurudi, na nilimweleza kwamba lilikuwa tawi. Aliniita tena baada ya siku tano, na wakati ule sikuelewa kwa nini alisisitiza.

Mkuu TawiKavu, hoja ya kelele imenifikirisha, lakini ninaipinga kwa mfano mmoja. Nyundo haina mngurumo, na bado karakanani ninavaa miwani nikigonga patasi.

#11 Bisibisi_Mzee

Unavaa kwa sababu ulifundishwa, na aliyekufundisha alikuwa na sababu nzito. Chuma kigumu kikigonga chuma kigumu humeguka kibanzi kidogo kama punje ya mchanga, tena kinachoruka kwa kasi kubwa. Huku uani jambo hilo linajirudia kila mtu anapopasua kuni kwa kabari ya chuma ambayo kichwa chake kimepigwa mpaka kimechanua kama uyoga, au anapogonga kichwa cha shoka kwa nyundo ili kulikwamua. Kile kichwa kilichochanua kinatakiwa kusagwa hadi kiwe na ukingo safi kabla ya kupigwa tena.

Binamu yangu alipata kibanzi cha namna hiyo. Alihisi kama amechomwa na sindano, kisha maumivu yakatulia. Alipotazama kiooni hakuona damu, akaendelea na kuni zake. Kibanzi kilikuwa kimetoboa konea na kukaa ndani ya jicho. Aligundua baada ya majuma kadhaa, uoni ulipofifia. Leo kila anapopelekwa kupigwa picha ya mwili kwa mashine ya sumaku anaulizwa swali la vyuma jichoni, na kila mara analijibu kwa uzito wake.

#12 NesiWaZamu

Mzee wetu amesema kweli, na ninaongeza jambo moja tu. Chuma kinapobaki juu ya konea, ndani ya saa chache huanza kuacha duara la kutu, ambalo nalo lazima liondolewe na mtaalamu. Kutokuwepo kwa maumivu makali si ushahidi kwamba hakuna kitu. Aliyegonga chuma na kuhisi mchomo apimwe, na amweleze anayempima kwamba alikuwa akigonga chuma kwa chuma, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yanayobadilisha vipimo atakavyofanyiwa.

#13 Hamidu_wa_Bustani

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, na nimekumbuka habari za Louis Braille, yule Mfaransa aliyebuni maandishi ya wasioona. Nilisoma kwamba alichomwa na mti bustanini akiwa mtoto. Inaonyesha kwamba jambo hili si la jana wala juzi.

#14 Nyuzi_Saba

Ndugu Hamidu, hakuwa bustanini. Braille alizaliwa mwaka 1809, na ajali ilimpata akiwa na umri wa miaka mitatu katika karakana ya baba yake, aliyekuwa akitengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Mtoto alichukua msharasi wa kutobolea ngozi, ukamponyoka na kumchoma jicho moja. Kufikia umri wa miaka mitano alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Kisa chake kinaunga mkono hoja ya MamaMche kuliko hoja nyingine yoyote humu: aliyeumia hakuwa fundi.

#15 Hamidu_wa_Bustani

Ahsante kwa sahihisho. Lakini sasa umeniongezea swali: ikiwa alichomwa jicho moja, jicho la pili liliharibikaje?

#16 NesiWaZamu

Maelezo hutolewa ya namna mbili. Wengine husema maambukizi yalisambaa. Wengine huona kwamba huenda ilikuwa hali ambayo kinga ya mwili, baada ya tabaka za ndani za jicho moja kutobolewa, inayageukia macho yote mawili na kuyashambulia. Hali hiyo ipo kweli, ingawa ni nadra, nayo ni sababu mojawapo ya jeraha la kutoboa kufuatiliwa kwa muda mrefu hata kama jicho la pili ni zima. Kwa mtoto yule wa miaka ile, hakuna aliyempima kwa vyombo vya leo, kwa hiyo yote mawili yanabaki mezani.

#17 MpandaNgazi

Ninaomba turudi kwenye miwani, maana bado sijashindwa. Nyuzi_Saba amenijibu kuhusu mleta uzi, lakini hajanijibu kuhusu mimi. Mimi huvaa, kisha ninavua. Nimejaribu kupaka sabuni, nimejaribu miwani yenye matundu ubavuni, nimefunga kitambaa kwenye paji la uso ili kizuie jasho. Kitambaa ndicho kilichonisaidia zaidi. Je, ile miwani ya wavu wa chuma inafaa? Haina kioo, kwa hiyo haiwezi kuingia ukungu.

#18 Kipimo

Safari hii nitaandika kwa uangalifu zaidi. Wavu unafaa kwa matawi, vipande vya nyasi vilivyo vikubwa, na vipande vya mti vinavyoruka kutoka kwenye msumeno wa mnyororo, na huko Ulaya ulikuwa na kiwango chake mahususi, EN 1731. Haufai kwa vumbi, kwa chembe ndogo kuliko matundu yake, wala kwa kitu chochote cha majimaji. Usiutumie kwa grainda, na usiutumie unaponyunyizia dawa za mimea.

Kwa miwani ya kioo, soma herufi zilizochapwa kwenye fremu au kwenye lenzi yenyewe. Kiwango cha Marekani ni ANSI Z87.1, alama ya Z87 peke yake ni ya kiwango cha msingi, na Z87+ maana yake lenzi imefaulu majaribio ya mshindo mkubwa, likiwamo la kupigwa na gololi ya chuma ya milimita 6.35 iendayo mita 45 na ushei kwa sekunde. Katika EN 166, kiwango cha Ulaya kilichotangulia EN ISO 16321 ya sasa, herufi F ni gololi ya milimita 6 kwa mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120, na A ni mita 190. Miwani ya kawaida ya masikioni haivuki F. Ya kubana uso kwa mkanda huweza kufika B. Na A hupatikana kwenye ngao ya uso tu. Kwa hiyo miwani iliyoandikwa A na ina vishikio vya masikioni inapaswa kukutia shaka.

#19 JuaLaAsubuhi

Wakuu, mimi ninatumia miwani yangu ya jua. Ni ya plastiki ngumu, na nilisoma kwamba plastiki hiyo ilibuniwa kwa ajili ya kofia za wanaanga. Si inatosha?

#20 Bisibisi_Mzee

Mwanangu, kuna mambo mawili ya kutenganisha. Polikaboneti, yaani hiyo plastiki ngumu unayoitaja, haikubuniwa kwa ajili ya wanaanga; ilipatikana mwaka 1953, kabla binadamu yeyote hajafika angani, kwa kazi za watu wawili waliokuwa mbalimbali: Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Baadaye ndipo ikaingia kwenye kofia hizo.

La pili, plastiki peke yake haitoshi. Lenzi ngumu ndani ya fremu laini inaweza kusukumwa nzima nzima hadi jichoni, ndiyo maana viwango alivyovitaja Kipimo vinapima fremu na lenzi pamoja. Miwani ya jua ya kawaida pia huwa wazi pembeni. Na ukiivaa ukaingia chini ya mti wenye kivuli kizito, giza lake litakuficha tawi lile lile ulilotaka kulikwepa. Kwa mwanga wa jua, lenzi nyeupe ya polikaboneti nayo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Weusi wa lenzi ni kwa ajili ya kupunguza mng'ao tu.

#21 JuaLaAsubuhi

Nimeelewa, mzee, na ahsante. Sikuwahi kuifikiria fremu.

#22 MamaMche

Kuwa wazi pembeni ndilo tatizo langu kubwa. Uso wangu ni mwembamba, na kila miwani niliyojaribu inaacha nafasi ambayo kidole kinapita, hasa chini kwenye shavu. Ninapoinama, vumbi linaingia kutoka chini, nalo likishaingia halitoki. Mara mbili nimelazimika kuivua ili nitoe kibanzi kilichoingia nikiwa nimeivaa.

#23 Nyuzi_Saba

Mama, hicho unachokieleza kiliwahi kuonekana katika takwimu. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani iliwahoji wafanyakazi walioumia macho, katika utafiti wa mwaka 1980 ambao bado unatajwa hadi leo. Karibu watatu kati ya watano hawakuwa wamevaa kinga yoyote. Lakini waliosalia walikuwa wamevaa, na wengi mno kati yao waliumia kwa kitu kilichopita pembeni au chini ya kinga. Kila nikiusoma utafiti huo ninajiuliza kama hoja yangu ya "nyumbani" inatosha, kwa sababu watu hao walikuwa kazini, wakiwa na kengele na mabango yote niliyoyataja.

#24 TawiKavu

Basi hapo umejipinga mwenyewe, mkuu, na ninakupongeza kwa kuandika hadharani.

MamaMche, tafuta miwani yenye sponji laini pembezoni, au yenye vishikio vinavyokubali kuinamishwa ili ukingo wa chini uguse shavu. Ile ya kubana kwa mkanda inaziba vizuri zaidi, ila inarudisha kilio cha MpandaNgazi. Hakuna moja inayomaliza yote, na mimi nina tatu: ya wavu kwa kupogoa, ya masikioni kwa kazi ndogo, na ya mkanda kwa vumbi na dawa.

#25 Mwashi_wa_Kuta

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mnaongea juu ya vitu vinavyoruka, na hakuna aliyegusa chokaa. Mwaka jana nilikuwa nikipaka chokaa ukuta wa nyuma, brashi ikanirushia tone moja jichoni. Nilijifuta kwa shati, nikanawa uso haraka haraka, nikamalizia ukuta. Usiku nilidhani jicho linaungua moto. Nilitibiwa kwa muda mrefu, na hadi leo jicho hilo linaona kama kupitia kioo kichafu. Nilikuwa nimevaa ngao ya uso, ndugu zangu. Tone lilipita chini yake.

#26 NesiWaZamu

Pole sana, kaka. Nimeumia kusoma, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zilizokuwa na uzito.

Chokaa na saruji mbichi ni alkali. Asidi nyingi zinapogusa jicho hugandisha protini za juu, na ule mgando huzuia kidogo zisipenye. Alkali huyeyusha mafuta ya seli na kuendelea kuzama ndani hata baada ya mtu kudhani amejifuta. Tiba ya kwanza ni maji safi, mengi, mara moja, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa muda usiopungua robo saa na ikiwezekana nusu saa, kisha kwenda hospitalini huku mtu akiendelea kumwagiwa ikiwa inawezekana. Punje za chokaa hujificha chini ya kope la juu, kwa hiyo maji yafike huko. Usitafute siki au ndimu ili "kuua" alkali.

Utomvu wa mimea jamii ya mnyaa nao unaoshwa vivyo hivyo. Ule utomvu mweupe unaweza kuleta maumivu makali na kufifisha uoni kwa siku kadhaa, na watu wengi hujipaka wenyewe kwa kujikuna jicho wakiwa na glavu zenye utomvu.

Kitu kilichochomeka ndani ya jicho, kwa upande mwingine, hakioshwi, hakichomolewi, na jicho halikandamizwi. Linafunikwa kwa kikombe kisicholigusa, na safari ianze.

#27 Kipimo

Ninaomba kuongeza kuhusu ngao ya Mwashi_wa_Kuta. Kanuni za Marekani huihesabu ngao ya uso kuwa kinga ya pili, yaani huvaliwa juu ya miwani, si badala yake. Kwa matone ya kemikali, miwani ya mkanda inayofaa huwa na alama ya D3 katika kiwango cha Marekani au 3 katika EN 166, na matundu yake ya hewa yamezibwa kwa namna ambayo tone haliwezi kupita moja kwa moja.

#28 Hamidu_wa_Bustani

Nilisoma mahali kwamba kijiji kikipewa dawa ya kupaka mapema baada ya mchubuko, vidonda vya konea hupungua sana. Je, tuiweke nyumbani?

#29 NesiWaZamu

Nadhani unakumbuka utafiti wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa mwaka 2001. Wahudumu wa afya wa vijijini waliwapima watu wenye michubuko ya konea na kuwapa mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku tatu, na walioanza mapema walipona vizuri sana. Lakini angalia kilichokuwa katikati: mhudumu aliyefunzwa, aliyetofautisha mchubuko na jeraha la kutoboa, na aliyemfuatilia mgonjwa. Mimi nilichojifunza pale ni kwamba mgonjwa aende siku ile ile.

#30 MpandaNgazi

Nimesoma yote, na ninakiri kwamba ukungu hauelezi kisa cha mleta uzi, wala cha Mwashi, wala cha mtoto Braille. Bado unaeleza kisa changu. Labda kila mmoja ana sababu yake, nasi tumekuwa tukivutana kana kwamba ni moja.

#31 TawiKavu

Mimi sijaiacha hoja ya kelele.

#32 Bisibisi_Mzee

Nami nina ya kwangu, ambayo sikuisema mwanzoni kwa kuwa inanihusu. Nadhani ni muda. Mleta uzi aliandika kwamba aliikadiria kazi yake nusu saa. Binamu yangu alikuwa amebakiza gogo moja. Mwashi alikuwa amebakiza kipande cha ukuta. Hatujikingi na kazi tunayoiona kuwa imekwisha kabla haijaanza. Wazee walisema mazoea yana taabu, lakini hapa sioni mazoea. Naona haraka ya mtu ambaye akili yake imekwisha kukaa kitini.

#33 KivuliChaUa

Wakuu, ninawashukuru wote, na ninaleta taarifa badala ya jibu. Nimepigilia msumari ndani ya mlango wa stoo ya vifaa, na miwani inaning'inia juu ya mkasi kwa namna ambayo siwezi kuuchukua mkasi bila kuishika miwani kwanza. Jana nilipogoa upande uliobaki kwa saa nzima nikiwa na ile ya wavu aliyoitaja Kipimo. Tawi moja lilinigonga kwenye wavu, juu ya jicho lile lile la kushoto.

Ila ninakiri jambo moja kwa Bisibisi_Mzee. Nilipomaliza na kuirudisha miwani msumarini, niliona kijiti kimoja kimesalia kimenasa juu ya ua, nikanyoosha mkono na kukivuta nikiwa macho matupu. Nilikumbuka kikiwa tayari mkononi.